Jiko la Mafuta ya Taa: Linavyofanya Kazi na Linavyotaka Kutunzwa

(Somo la Sayansi ya Nyumbani)

Mwanafunzi wa sekondari huweza kusimama mbele ya darasa akaeleza bila kusita jinsi injini ya mvuke inavyokwenda, ijapokuwa hajapata kuiona hata moja. Lakini mwulize kwa nini jiko la mafuta la nyumbani kwao lapaka sufuria masizi, na aghalabu atanyamaza. Haya si mambo mawili yaliyo mbali mbali. Sheria za joto, za hewa na za mvuke tunazozisoma ubaoni ndizo zinazofanya kazi jikoni kila siku, na anayezijua huweza kuipunguzia nyumba yake gharama, na pengine kuiokoa na msiba.

Katika somo hili tutalitazama jiko la mafuta ya taa, ambalo wengine huliita stovu, na wengine, lile la tambi nyingi, huliita jiko la Mchina. Tunaomba wanafunzi walisome kwa makini, na wakifika nyumbani likizo wawasomee wazazi wao.

1. MAFUTA YENYEWE

Mafuta ya taa hutokana na mafuta mazito yanayochimbwa ardhini. Mafuta hayo hupashwa moto mpaka yakawa mvuke, kisha mvuke huo hupozwa na kutengwa kwa mafungu. Petroli huchemka kwa joto dogo, kwa hiyo huwa katika fungu jepesi. Baada yake huja mafuta ya taa, yachemkayo kati ya nyuzi 150 na 300 hivi za sentigredi. Dizeli ni nzito kuliko hayo. Msomaji akumbuke mpango huu, maana ndani yake mna sababu ya ajali nyingi tutakazozitaja.

Watu walianza kuyatumia mafuta haya kwa mwanga, si kwa kupika. Mwaka 1846 Abraham Gesner wa Kanada alionyesha watu mafuta ya namna hii aliyoyapata kwa kupasha moto makaa ya mawe. Mwaka 1853 mtengeneza dawa wa Kipolandi, Ignacy Łukasiewicz, alitengeneza taa ya mafuta iliyotumiwa katika hospitali ya mji wa Lwów, ambao leo huitwa Lviv na umo katika nchi ya Ukraine. Mwaka 1859 Edwin Drake alipata mafuta katika kisima alichokichimba Pennsylvania, Marekani, na tangu hapo mafuta ya taa yakaanza kuenea duniani.

Mafuta hayo yalisafirishwa katika mikebe ya bati yenye pembe nne. Mikebe hiyo ndiyo madebe tunayoyajua. Mafuta yalipokwisha, debe halikutupwa: lilichotea maji, likaezekea paa, na likawa kipimo cha mahindi na mchele sokoni. Hata leo, mtu anayenunua debe la mahindi anatumia kipimo kilicholetwa na mafuta ya taa.

2. KINACHOWAKA SI MAFUTA, NI MVUKE WAKE

Hili ndilo jambo la kwanza la kushika. Mafuta ya taa yakiwa katika hali ya maji hayawaki. Kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata kwenye baridi kali sana, kadiri ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mafuta ya taa safi hayatoi mvuke wa kutosha mpaka yafikie joto la nyuzi 38 au zaidi. Kwa sababu hiyo huweza kukaa katika tangi la jiko, karibu na moto, bila kulipuka, mradi tangi lenyewe lisipate joto kupita kiasi.

Basi kazi ya jiko lo lote la mafuta ni mbili: kuyageuza mafuta kuwa mvuke kidogo kidogo, na kuupatia mvuke huo hewa ya kutosha. Hewa ikitosha, ndimi za moto huwa za buluu, na sufuria hubaki safi. Hewa ikipungua, chembe za kaboni hubaki bila kuungua. Chembe hizo ndizo zinazong'aa na kuufanya moto uwe wa manjano, na zikigusa sufuria huwa masizi. Kwa hiyo rangi ya moto ni kama barua: buluu yasema "nimeshiba hewa," manjano yasema "nina njaa."

3. JIKO LA TAMBI

Jiko hili lina tangi chini, na juu yake tambi za pamba zilizopangwa kwa duara. Mafuta hupanda katika tambi kwa njia ile ile ambayo maji hupanda katika kona ya taulo iliyotumbukizwa ndooni. Mwanafunzi aweza kulithibitisha jambo hili bila hatari yo yote. Chukua maji, yatie wino, ning'iniza kipande cha kitambaa cha pamba hata ncha yake iguse maji, kisha ngoja. Baada ya muda mfupi utaona wino umepanda. Nafasi ndogo zilizo kati ya nyuzi za pamba ndizo zinazoyavuta maji juu.

Juu ya tambi pana mikebe miwili yenye matundu mengi, mmoja ndani ya mwingine. Mvuke wa mafuta hupanda kati yake, na hewa huingia kwa matundu hayo. Watu wengi hudhani matundu ni pambo. La! Matundu ndiyo mapafu ya jiko. Yakizibwa na masizi, au na uji uliofurika, moto hugeuka wa manjano na moshi hujaa nyumbani.

Utunzaji wake ni huu:
(a) Kata ncha za tambi zilizoungua, zote ziwe sawa sawa. Utambi mmoja ukizidi wenzake, huo ndio utakaotoa moshi.
(b) Usipandishe tambi kupita kiasi ukidhani utaongeza joto. Utaongeza mvuke ambao hewa haiutoshi, na mafuta yatakwenda bure.
(c) Safisha matundu kwa brashi kavu jiko likiwa limepoa.
(d) Kila utambi uwe mahali pake. Pakikosekana utambi mmoja, hubaki tundu lililo wazi mpaka tangini, na moto huweza kushuka kwa njia hiyo.
(e) Usiache tangi likauke jiko likiwaka, maana tambi huungua zenyewe.

4. JIKO LA PAMPU

Mwaka 1892 Frans Wilhelm Lindqvist wa Stockholm, nchini Sweden, alitengeneza jiko lisilokuwa na utambi, ambalo lilipewa jina la Primus. Katika jiko hili tangi hujazwa hewa kwa pampu. Hewa iliyobanwa huyasukuma mafuta juu mpaka kichwani mwa jiko, ambako mna mirija iliyo moto. Humo mafuta hugeuka mvuke, na mvuke hutoka kwa nguvu katika tundu dogo sana, huku ukivuta hewa nyingi. Ndiyo sababu jiko hili huunguruma, na moto wake ni wa buluu na mkali.

Mwanafunzi mwenye akili atauliza: ikiwa mirija hupashwa joto na moto wa jiko, na moto wa jiko hutokana na mvuke wa mirija, kipi kilitangulia? Jibu ni spiriti. Kabla ya kuwasha, spiriti kidogo hutiwa katika kisahani kilicho chini ya kichwa cha jiko, nayo ikiwaka huipasha mirija joto. Mtu mwenye haraka akipiga pampu kabla mirija haijapata joto, mafuta hutoka yakiwa maji, na moto mkubwa wa manjano hupanda juu. Hapo afungue hewa ya tangi, moto upungue, kisha aanze upya jiko likiisha poa.

Majiko ya namna hii yamekwenda mbali. Roald Amundsen wa Norway alikuwa nayo alipofika Ncha ya Kusini mwaka 1911. Robert Scott wa Uingereza alifika huko baada yake, na alipokuwa akirudi mwaka 1912 alikuta mafuta katika akiba zake njiani yamepungua. Vizibo vya mikebe vilikuwa na washa za ngozi, ambazo ziliharibika kwa baridi, na mafuta yakavuja na kupotea hewani. Amundsen alikuwa ameiziba mikebe yake kwa kulehemu. Scott na wenzake wanne walikufa katika safari ile ya kurudi. Sababu zilikuwa nyingi, baridi na njaa zikiwamo, lakini upungufu wa mafuta ulizidisha taabu yao. Washa ni kitu kidogo cha kuhurumiwa, usipoihurumia, haitakuhurumia. Washa ya pampu ya jiko nayo ikikauka, ilainishe kwa mafuta, ikichakaa, ibadilishe.

5. HESABU YA MAFUTA NA SUFURIA

Tuchukue sasa kalamu. Mama ataka kuchemsha maji lita 2 yaliyo katika joto la nyuzi 20. Kupandisha kilo 1 ya maji kwa nyuzi 1 kwahitaji kilojuli 4.2. Kwa hiyo:

2 × 4.2 × 80 = kilojuli 672.

Kilo 1 ya mafuta ya taa hutoa kadiri ya kilojuli 43,000. Tukichukua kwamba nusu ya joto hupotea pembeni mwa sufuria, jiko lahitaji kutoa kilojuli 1,344. Tukigawa kwa 43,000 twapata gramu 31 hivi, na kwa kuwa lita moja ya mafuta ina uzito wa gramu 800 hivi, hizo ni kama mililita 39. Yaani vijiko vikubwa viwili na nusu tu!

Basi mbona chupa ya mafuta huisha upesi? Kwa sababu hatuchemshi tu, bali twaendelea kutokota. Maji yakiisha kuchemka, moto mkali hauyaongezi joto hata kidogo. Pwani hubaki nyuzi 100. Nairobi, iliyo juu ya bahari kwa mita 1,700 hivi, hubaki kadiri ya nyuzi 94. Moto mkubwa huongeza mvuke utokao, si joto la maharagwe. Kwa hiyo maharagwe yakianza kuchemka, funika sufuria na upunguze moto. Na ukiyaloweka usiku kucha kabla ya kuyapika, utapunguza muda wa kupika, na pamoja nao mafuta.

6. JIKO NA HEWA YA CHUMBANI

Katika nyanda za baridi, kama Njombe au Limuru, mtu huona raha kuingiza jiko chumbani usiku na kufunga mlango na dirisha. Hebu tuone hesabu yake.

Lita moja ya mafuta ya taa ikiungua hutumia oksijeni yote iliyomo katika hewa ya kadiri ya mita 10 za ujazo. Chumba chenye urefu wa mita 3, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.5 kina hewa mita za ujazo 22.5. Jiko likiteketeza lita moja katika chumba kilichofungwa, karibu nusu ya oksijeni ingekwisha. Lakini hatari haingoji mpaka hapo. Oksijeni ikianza kupungua, mafuta hayaungui sawasawa, na hutokea kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi wala harufu. Huingia katika damu na kushika mahali pa oksijeni. Mtu huumwa kichwa, hulegea, huona usingizi, kisha huweza asiamke tena. Jiko la mkaa hutoa hewa hii kwa wingi zaidi, na limekwisha ua watu wengi waliolala nalo.

Tena, lita moja ya mafuta ikiungua hutoa zaidi kidogo ya lita moja ya maji katika hali ya mvuke. Ndiyo maana kuta za chumba chenye jiko huwa na umande asubuhi.

Huko Japani watu wengi hupasha nyumba zao joto wakati wa baridi kwa majiko ya mafuta, lakini majiko hayo hutengenezwa yazimike yenyewe yakitikiswa na tetemeko la ardhi, na wenye nyumba huagizwa kufungua madirisha mara kwa mara. Majiko yetu ya kupikia hayakutengenezwa kwa kazi hiyo. Sheria ni moja: usilale na jiko linalowaka, na usipike katika chumba kilichofungwa.

7. MAMBO MANNE YALIYO HATARI KUBWA

Watu husema ajali haina kinga. Hizi zifuatazo zina kinga.

Kwanza, petroli ndani ya mafuta ya taa. Wakati mwingine mafuta huuzwa kutoka katika dumu lililokuwa na petroli, au mfanyabiashara huyachanganya. Petroli kidogo hujaza tangi mvuke unaolipuka kwa cheche moja. Nunua mahali panapojulikana, na usitumie kamwe chombo kilichokuwa na petroli, hata kama chaonekana kikavu. Mafuta yakinuka petroli, yarudishe. Usiyajaribu kwa kiberiti.

Pili, kuongeza mafuta jiko likiwaka au likiwa bado moto. Zima, ngoja lipoe, ndipo uongeze, tena nje ya nyumba au mbali na moto mwingine. Usijaze tangi mpaka ukingoni.

Tatu, maji juu ya moto wa mafuta. Mafuta ya taa ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo huelea juu yake. Anayemwaga maji juu ya mafuta yanayowaka huusambaza moto chumba kizima. Tumia mchanga, au funika kwa blanketi zito lililoloweshwa. Moto ukikushinda, toa watu kwanza. Mtu akiungua, mwagilia jeraha maji baridi safi kwa dakika 20, kisha mpeleke hospitali. Usimpake dawa ya meno, asali, yai wala mafuta.

Nne, mafuta katika chupa ya soda. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma, lakini chupa ya soda aijua sana. Akinywa mafuta ya taa, hatari kubwa haiko tumboni bali mapafuni, maana mafuta haya ni mepesi na huteleza kwa urahisi katika njia ya pumzi. Kwa hiyo usimtapishe mtoto huyo! Akitapika, mafuta hupita kooni mara ya pili na huweza kuingia mapafuni. Usimpe maziwa wala mafuta ya kula ili atapike. Mvue nguo zilizomwagikiwa, na umkimbize hospitali mara moja. Bora zaidi, weka mafuta katika dumu lenye kizibo cha kukaza, lililoandikwa, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.

8. JE, TUENDELEE NA JIKO HILI?

Hili ni swali la haki. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mafuta ya taa yasitumiwe nyumbani, kwa sababu ya moshi wake na hatari ya moto na sumu. Bei nayo imepanda. Mwaka 2011 serikali ya Tanzania iliongeza sana kodi ya mafuta ya taa ili watu wasiyachanganye na dizeli, na mwaka 2018 Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita kwa sababu hiyo hiyo. Mwaka 2024 Tanzania ilitangaza mpango wa miaka kumi wenye shabaha ya kuwafikisha watu 80 katika kila 100 kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034.

Mwenye uwezo wa kupata gesi au umeme, na apate. Lakini nyumba haibadiliki kwa siku moja, na kama jiko la mafuta lingali ndilo linalopika chakula cha jioni, wajibu wetu ni kulitumia kwa akili. Mwanafunzi anayekata tambi zikawa sawa, anayefungua dirisha, na anayehamisha mafuta kutoka chupa ya soda kwenda katika dumu, ametumia sayansi yake vizuri kama yule aliyepata alama zote katika mtihani.

MASWALI

1. Kwa nini moto wa jiko lenye matundu yaliyoziba huwa wa manjano?
2. Chumba kina urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.5. Robo lita ya mafuta ya taa ikiungua humo, itatumia oksijeni ya sehemu gani ya hewa yake?
3. Tafuta mafuta yanayohitajika kuchemsha lita 5 za maji kutoka nyuzi 25 hadi 100, ikiwa nusu ya joto hupotea.
4. Eleza kwa nini mtoto aliyekunywa mafuta ya taa hatapishwi.
5. Kagua jiko la nyumbani kwenu likiwa limepoa, ukiwa pamoja na mzazi. Andika mambo matatu yanayotaka kurekebishwa, na muyarekebishe kabla ya kufungua shule.